Dalili ya mvua ni mawingu, lakini si kila wingu lina mvua: farasi mdogo na mimba isiyojulikana



Nianze na kitu nilichokiona kwa macho yangu wakati wa staji ya mwaka wa mwisho, katika machinjio ya mji mmoja hapa mashariki. Asubuhi mapema mama mmoja alileta mbuzi wake. Alikuwa anatafuta minervali ya mtoto, na mbuzi yule alikuwa amemaliza karibu mwaka mzima bila kuzaa. Akatuambia: "Hii mbuzi haizae, iko tasa, inakula bure. Afazali niuzishe." Mchinjaji alipofungua tumbo akakuta watoto wawili, manyoya yameshaanza kuota. Watu wote wakanyamaza. Mama akatazama, akakaza kitambaa chake, akaomba feza zake, akaenda.

Mimi nilikuwa na miaka yote ile ya iniversite kichwani, na nilikuwa nimemuona mbuzi yule akiingia. Nilitazama tumbo lake na nikasema moyoni: hili ni tumbo la majani. Sikugusa, sikuuliza tarehe, sikusema kitu.

Tangu siku hiyo swali hili halijanitoka: mtu anajuaje kama mnyama ana mimba? Kulielezea, leo nimechagua mnyama anayesumbua hata watu wenye mashini, labo na veterineri karibu: farasi jike wa aina ya wadogo, wale wanaofugwa sana Marekani na Ulaya. Najua kwetu farasi ni wachache, wengi wetu tumewaona kwenye televizyo tu. Lakini mnyama huyu, kwa sababu ni mgumu kupima, anaonyesha wazi tofauti kati ya dalili na uthibitisho. Mwishoni tutarudi nyumbani, kwa mbuzi na ng'ombe wetu.

FARASI HUYU NI NANI

American Miniature Horse Association, chama cha Marekani kinachoandikisha farasi hawa, kilianzishwa mwaka 1978. Sheria yake inasema farasi mzima asipite inchi 34, yaani karibu sentimetri 86, ukipima kutoka chini mpaka pale nywele za shingo zinapoishia mgongoni. Kule Argentina kuna ukoo mwingine unaojulikana sana, Falabella, wenye jina la familia iliyouanzisha. Wengi wa farasi hawa wana uzito wa kilo 70 hadi 150 tu. Hawa si watoto wa farasi. Ni wakubwa waliobaki na kimo kidogo. Watu wanawafuga kwa maonyesho, kwa kuvuta vigari, kwa kuwa marafiki wa watoto na wazee. Wengine wamefundishwa hata kuongoza vipofu.

Mimba isiyojulikana inakuja kwa njia tatu. Ya kwanza: mtu amenunua farasi jike kwenye mnada, bila karatasi yoyote inayosema alikaa na dume gani na lini. Ya pili: farasi dume mchanga ameachwa na majike kwa sababu watu wanasema "bado ni mtoto". Kumbe dume wa farasi anaweza kupandisha akiwa na mwaka mmoja hivi, na mwenye nyumba hashtuki mpaka mambo yameshapita. Ya tatu ndiyo inayodanganya watu wengi zaidi: farasi jike anarudi kwenye joto karibu juma moja tu baada ya kuzaa. Basi unaweza kumnunua akiwa ananyonyesha mtoto, ukafikiri umenunua wawili, kumbe umenunua watatu.

Farasi anabeba mimba karibu miezi 11. Siku 320 hadi 365 zote zinahesabiwa kuwa za kawaida. Maana yake, mtu aliyenunua jike mwezi wa kumi anaweza kukaa na swali lake karibu mwaka mzima, kila asubuhi anatazama tumbo, leo anasema ndiyo, kesho anasema hapana.

KUKOSEA KUNA BEI PANDE ZOTE MBILI

Mtu anaweza kusema: kwani kuna shida gani, si angojee tu? Kama ni mimba itatoka, kama ni mafuta yatabaki. Hapana. Ukikosea upande mmoja unalipa, ukikosea upande mwingine unalipa pia.

Tuchukue kwanza farasi mwenye mimba ambaye bwana wake anasema ni mafuta. Anafanya nini? Anampunguzia chakula. Na hapo ndipo hatari ilipo. Farasi wadogo, poni na punda wana udhaifu mmoja ambao farasi wakubwa hawana sana. Katika miezi ya mwisho, mtoto tumboni anavuta sukari nyingi ya mama. Chakula kikipungua ghafla, au mama akipata hofu au safari ndefu, mwili unafungua ghala la mafuta. Mafuta yanaingia katika damu mengi mno, ini linashindwa kuyabeba, mpaka maji ya damu yanakuwa meupe kama yamechanganywa na maziwa. Ugonjwa huu unaitwa hiperlipemia. Mnyama anakataa kula, na kila anapokataa, mafuta zaidi yanatoka. Mama anaweza kufa, na mtoto pamoja naye. Yote yameanza na neno moja: "amenenepa tu."

Tena kuna majani. Katika sehemu kubwa ya Marekani, malishoni kuna nyasi inayoitwa fescue, na ndani yake mara nyingi kunaishi kuvu kisichoonekana kwa macho. Farasi asiye na mimba anaikula bila tatizo kubwa. Lakini jike aliye katika miezi ya mwisho akiila, anaweza kukosa maziwa, mimba inapitiliza siku zake, kondo la nyuma linakuwa nene. Njo maana mashauri ni kumtoa kwenye malisho hayo siku 60 hadi 90 kabla ya kuzaa. Sasa utamtoa vipi kama hujui kwamba atazaa?

Kuna na sindano. Jike asipoonyesha joto, mtu mwenye haraka anaweza kuomba achomwe prostaglandini ili joto lirudi. Kama kumbe hakuonyesha joto kwa sababu ana mimba changa, sindano ile inaitoa mimba. Umetafuta mtoto kwa dawa iliyomuua mtoto.

Na kuna usiku wa kuzaa. Farasi huzaa usiku mara nyingi, na huzaa haraka: tangu chupa ya maji ipasuke mpaka mtoto atoke, kawaida ni dakika 20 hadi 30. Kwa farasi wadogo, uzazi mgumu ni mwingi kuliko kwa wakubwa, kwa sababu kichwa cha mtoto ni kikubwa ukilinganisha na njia ya mama. Na kuna hatari moja ambayo kila mfugaji wa farasi anafundishwa: badala ya ngozi nyeupe inayong'aa kutokea kwanza, kunatokea kitu chekundu kama kitambaa cha velu. Maana yake kondo limeachana na mji wa mimba kabla ya wakati, na mtoto hapati hewa. Ni lazima kukipasua palepale na kumsaidia mtoto kutoka. Huko hakuna nafasi ya kutafuta namba ya dokta kwenye telefone. Kama hakuna aliyejua kwamba kuna mimba, hakuna atakayekuwa macho.

Sasa geuza. Farasi hana mimba, bwana wake anasema anayo. Anamuongezea nafaka "ale kwa ajili ya wawili". Farasi mdogo ananenepa upesi kwa chakula kidogo sana, na unene ule unamletea ugonjwa wa kwato: ndani ya kwato kunawaka, mfupa unaanza kuachana na ukuta wa kwato, mnyama anasimama ameegemea nyuma kwa maumivu. Wengine hawaponi. Tena, kama tumbo lile kubwa lilikuwa la minyoo au la ugonjwa, ugonjwa unaendelea kula ndani, na sisi nje tunatayarisha blanketi la mtoto.

Unaona basi. "Sijui" ni hali yenye deni lake, na deni hilo linakua kila juma.

DALILI, MOJA KWA MOJA

Tumbo. Hii ndiyo kila mtu anaanza nayo, na ndiyo dhaifu kuliko zote. Farasi anasaga nyasi katika sehemu ya nyuma ya utumbo, na sehemu hiyo ni pipa kubwa linalochachisha majani. Mpe nyasi kavu zenye nyuzi ngumu, tumbo litashuka. Mpe minyoo, litashuka. Jike mzee aliyezaa mara nyingi ana misuli ya tumbo iliyolegea, linashuka hata akiwa mtupu. Ongeza manyoya marefu ya baridi ya kule kwao, na kimo cha sentimetri 86, utaona duara lenye miguu minne. Upande mwingine, wako wanaobeba mpaka mwezi wa kumi na tumbo halisemi kitu. Chenye faida kidogo ni mabadiliko: pima kwa utepe mahali palepale kila juma, piga foto kutoka nyuma, siku moja, saa moja. Tumbo la majani linaongezeka na kupungua. La mimba linaelekea mbele. Lakini hata hapo ni wingu tu, bado si mvua.

Kutorudi kwenye joto. Jike asiye na mimba anarudi kwenye joto karibu kila siku 21, katika majira yake. Neno "majira" ni muhimu. Farasi anafuata mwanga wa jua: kule kaskazini, siku zikiwa fupi, majike wengi wanafunga kabisa. Jike asiyetaka dume katika mwezi wa kumi na mbili hajasema chochote. Tena kuna mimba iliyoanza na kupotea mapema: mwili wa mama umeshapokea habari kwamba kuna mtoto, homoni zinaendelea kulinda nyumba isiyo na mtu, na joto halirudi kwa majuma mengi. Na kinyume chake kipo: wako wenye mimba kweli wanaoonyesha joto mbele ya dume. Mtu anasema "huyu hana kitu", kumbe anacho.

Kiwele. Kwa wengi, kiwele kinaanza kujaa majuma 4 hadi 6 kabla ya kuzaa. Baadaye chuchu zinajaa mpaka ncha, na siku moja hadi nne kabla, matone yenye rangi ya nta yanaweza kukauka kwenye ncha. Dalili hii ina nguvu kuliko tumbo, lakini imechelewa sana: inakuambia mwishoni kitu ulichohitaji kujua mwanzoni. Na yenyewe pia inadanganya. Jike anayebeba kwa mara ya kwanza anaweza kuonyesha kiwele siku chache tu kabla, au usiku uleule. Wa pili anavimba kiwele kwa sababu ya majani mapya yenye nguvu, au mafuta, au ugonjwa wa kiwele, bila mimba yoyote. Tafadhali, usikamue "ili kuona tu" kila siku. Kondo la farasi halipitishi kinga ya mama kwa mtoto. Mtoto anazaliwa bila kinga na anaipata katika maziwa ya kwanza. Kila tone unalomwaga kwa udadisi ni la mtoto.

Mtoto kucheza. Katika miezi mitatu ya mwisho, mkono uliowekwa chini ya ubavu unaweza kupokea teke. Watu waliozoea wanaliamini, na teke la kweli linalorudiarudia ni mojawapo ya dalili nzuri. Shida ni kwamba utumbo pia unacheza, gesi inapita, pumzi inasukuma ubavu. Na mtoto anaweza kulala saa nzima ukiwa umepiga magoti pale. Ukihisi, andika. Usipohisi, usiandike "hana mimba".

Tabia. "Amekuwa mkali." "Amekuwa mpole." "Anapiga dume teke." Yote nimeyasoma, na yote yanasemwa pia juu ya wasio na mimba. Kuna hata wanaoning'iniza pete kwenye unywele juu ya mgongo wa farasi na kutazama inazunguka upande gani. Na wako wanaochukua kipimo cha mimba cha wanawake, kile cha famasi, na kukichovya kwenye mkojo wa farasi. Hakifanyi kazi hata kidogo, kwa sababu kinatafuta homoni ya mimba ya binadamu, na farasi hana hiyo. Kitasema "hapana" kwa farasi anayezaa kesho.

UTHIBITISHO, NA SAA YAKE

Kila kipimo kina dirisha lake la siku. Nje ya dirisha, kipimo kizuri kinatoa jibu baya. Njo maana swali la kwanza la veterineri mwema ni "alikaa na dume mara ya mwisho lini?", na "tumbo likoje?" linakuja baadaye sana.

Ekografi, mashini inayoonyesha picha kwa mawimbi ya sauti, ndiyo iliyobadilisha mambo. Mwaka 1980 watafiti wawili wa Ufaransa, Palmer na Driancourt, walichapisha kazi iliyoonyesha matumizi yake katika uzazi wa farasi. Leo, kwa farasi wa kawaida, mimba inaonekana kuanzia siku ya 14 hadi 16 kama duara dogo jeusi, na karibu siku ya 25 moyo unaonekana ukipiga. Inaonyesha pia mapacha, jambo la hatari kwa farasi, ambaye mji wake wa mimba unalea vizuri mtoto mmoja tu.

Lakini picha hiyo inachukuliwa kwa kupitisha mkono na kifaa katika njia ya haja kubwa. Hapo farasi wetu mdogo anatuwekea ukuta. Njia yake ni nyembamba, na kuichana ni kumuua. Veterineri mwenye mkono mdogo na uzoefu anaweza. Wengine wanafunga kifaa kwenye mpini mwembamba ili mkono ubaki nje. Wengine wanasema wazi "huyu hapana". Mimba ikishafika miezi miwili au mitatu, wanaweza kunyoa manyoya chini ya tumbo na kutazama kupitia ngozi, kama wanavyofanya kwa mama zetu hospitalini. Njia hiyo haina hatari, lakini inataka mtazamaji mvumilivu: kumuona mtoto ni jibu, kutomuona mara moja si jibu kamili.

Kisha kuna damu. Mwaka 1930, huko California, Cole na Hart walionyesha kwamba damu ya farasi mwenye mimba ina homoni ya pekee. Leo tunaiita eCG. Inatengenezwa na vikombe vidogo vya chembe vinavyojipandikiza katika ukuta wa mji wa mimba kati ya siku ya 35 na 40, na labo inaweza kuipata kati ya siku ya 40 na 120 hivi. Ni kipimo kizuri, lakini kina mtego. Mtoto akifa baada ya vikombe kujengeka, vikombe vinaendelea kufanya kazi yao majuma mengi. Damu inasema "ndiyo", na mtoto hayupo tena. Damu haikudanganya: ilijibu "vikombe vipo". Sisi ndio tuliouliza "mtoto yupo?"

Baada ya siku ya 100 na kitu, kuna kipimo kingine kinachojibu swali lenyewe: oestroni salfati, katika damu au mkojo. Homoni hii inahitaji mtoto na kondo kufanya kazi pamoja, na mtoto akifa inashuka upesi. Basi ikiwa juu, kuna mtoto aliye hai. Kwa mwenye farasi mdogo ambaye hajui tarehe, hiki mara nyingi ndicho kipimo cha akili: sindano moja ya damu shingoni, bila kuingiza mkono popote. Kikisema "hapana" na tarehe haijulikani, unangoja na kurudia, kwa sababu labda ulipima mapema mno.

KUNGOJA KWA AKILI

Kati ya swali na jibu kuna siku nyingi. Watu wenye busara wanafanya nini siku hizo?

Wanachukua kaye na kuandika tarehe mbili: siku ya kwanza na siku ya mwisho ambazo jike angeweza kukutana na dume. Kama alinunuliwa tarehe 10 mwezi wa kumi na hakukutana na dume tena, basi siku ya mwisho ni hiyo, na kufikia mwezi wa kumi wa mwaka unaofuata swali limekwisha lenyewe. Tarehe hizo mbili zina thamani kuliko foto mia za tumbo.

Wanamtendea kama mwenye mimba katika mambo ambayo kukosea kwake kungeua, na kama asiye na mimba katika mambo ambayo kuzidisha kungeua. Kwa vitendo: hawamnyimi chakula ghafla, hawamjazi nafaka, nyasi nzuri kwa kipimo, maji, madini. Hawamchomi prostaglandini bila kumtazama kwanza. Kila dawa ya minyoo au ganzi, wanamwambia veterineri: "anaweza kuwa na mimba." Neno "anaweza" linabadilisha chaguo la dawa. Akiacha kula hata siku moja, hawangoji kesho.

Na kiwele kikijaa, wanaanza kulala karibu. Hapo kuna kipimo cha nyumbani chenye maana: tone dogo la maziwa kwenye karatasi ya kupima. Siku moja au mbili kabla ya kuzaa, kalsiamu katika maziwa inapanda sana na pH inashuka. Kipimo hicho hakijibu "ana mimba?", kinajibu "ni usiku huu?". Kila kipimo kwa swali lake.

TURUDI NYUMBANI

Sasa, mtu wa Butembo, wa Bukavu, wa Kalemie au wa Lubumbashi atauliza: na mimi hii yote inanisaidia nini? Mimi niko na mbuzi watatu.

Mambo ni yaleyale, hesabu tu inabadilika. Mbuzi anabeba karibu siku 150, ng'ombe karibu 280, nguruwe karibu 114. Mbuzi na ng'ombe wanarudi kwenye joto karibu kila siku 21 kama hawana mimba. Basi, ukiandika siku dume alipopanda, siku ya 18 mpaka ya 24 una kipimo cha kwanza cha bure: tazama kama anamtaka dume tena. Akimtaka, karibu hakika mimba haikushika. Asipomtaka, una wingu zuri, bado si mvua. Kwa ng'ombe, veterineri mwenye mkono wa mazoezi anaweza kujua kuanzia karibu miezi miwili, bila mashini yoyote. Kwa mbuzi mkono haupiti, sawa vile farasi mdogo; ekografi ya kubeba mkononi inaonyesha kupitia ngozi kuanzia mwezi mmoja na kitu, na mashini hizo zimeanza kufika mpaka kwetu.

Mbuzi naye ana uongo wake. Kuna hali ambayo mji wa mimba unajaa maji matupu. Tumbo linakua, joto halirudi, kiwele kinaweza hata kujaa kidogo, na siku moja maji yanamwagika, hakuna mtoto. Familia inasema wamelogwa, jirani anatajwa jina, ugomvi unaanza. Kumbe ni ugonjwa unaojulikana, una maelezo, na mara nyingi una dawa. Hapo kujua kunaokoa zaidi ya mbuzi, kunaokoa ujirani.

Yule mama wa machinjio hakuwa mjinga. Alikuwa na shida ya feza na alikuwa na dalili mbili: mwaka bila mtoto, na tumbo lisilosema kitu. Alifanya hesabu kwa alichokuwa nacho. Aliyekosa kazi siku ile ni mimi. Swali moja tu lilitosha: "Mama, mbuzi huyu amekaa na dume mwezi gani?" Kama angejibu "hakuna dume kwetu", sawa. Kama angejibu "dume la jirani linapita kila siku", ningemuomba angoje, au auze mwingine, au amuuze kama mbuzi mwenye mimba kwa mtu anayefuga, kwa bei nyingine kabisa. Watoto wawili wa mbuzi kwa familia ile labda ndiyo minervali ya mwaka uliofuata.

Wandugu, sisi wenye diplome watu wanatuuliza maswali kila siku: juu ya mnyama, juu ya udongo, juu ya mgonjwa, juu ya karatasi za kiwanja. Tunaona aibu kusema "sijui", kwa hiyo tunatazama tumbo na kutoa jibu. Farasi mdogo anatufundisha jibu lingine, ambalo si aibu hata kidogo: "Sasa hivi siwezi kujua. Niambie tarehe. Siku fulani tutapima kwa njia fulani, na mpaka siku ile, tufanye hivi, tusifanye vile."

Na wewe mwenye mbuzi, leo jioni, kabla ya kulala, chukua kaye. Andika jina la kila jike, na siku ya mwisho ulipoona dume juu yake. Kalamu na mstari mmoja. Dokta yeyote atakayekuja kwako ataanza hapo.

Tuendelee kufundishana.